Fuso ya kanda ya ziwa au semi ya Dar es Salaam: ulinganisho kwa dereva anayerudi barabarani na gari lake mwenyewe

Dereva aliyeacha usukani wa lori miaka kadhaa iliyopita, akafungua duka, akalima au akaingia kwenye uvuvi, na ambaye sasa ana akiba na anataka kurudi barabarani akiwa mmiliki badala ya mwajiriwa, hupewa ushauri wa aina mbili hapa Mwanza. Wa kwanza humwambia anunue Fuso iliyotumika, azunguke Geita, Kahama, Bunda na Bukoba, na alale nyumbani kwake siku nyingi za wiki. Wa pili humwambia kwamba Fuso ni gari la kuchoshana, kwamba fedha iko kwenye semi, na kwamba achukue kichwa na tela kwa mkopo akapige njia ya Dar es Salaam. Makala haya yanaziweka njia hizo mbili ubavu kwa ubavu, kisha yanagusa ya tatu ambayo wengi huiona ya aibu, yaani kuendesha kwanza gari la mtu mwingine.

Msimamo wangu niuseme mapema. Swali la aina ya gari ni la pili. La kwanza ni mzigo gani unapatikana pande zote mbili za safari. Jibu la swali hilo kwa mtu anayeanzia Mwanza ni tofauti na jibu la mtu anayeanzia Dar es Salaam, hata kama magari yao yametoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, na ushauri mwingi unaotolewa vijiweni umeazimwa kutoka kwa watu wa Dar es Salaam.

Yaliyobadilika ukiwa pembeni

Aliyeondoka kabla ya mwaka 2019 aliiacha SUMATRA ikitoa leseni za usafirishaji. Kazi hiyo sasa ni ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huo, na kila gari la mizigo la biashara, liwe Fuso au semi, linahitaji leseni yake. Leseni ya udereva nayo hudumu miaka 5 badala ya 3, na kwa malori inatakiwa daraja E. Ambaye yake imekufa siku nyingi aanze na hilo kabla ya kuuliza bei ya gari lolote, kwa sababu kampuni ya bima, siku ya ajali, huulizia leseni ya aliyekuwa kwenye usukani kabla ya kuuliza kingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana chuo Nyakato hapa Mwanza, na NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, hufundisha udereva wa magari makubwa. Mafunzo mafupi ya kurudisha mkono na jicho hayamvunjii heshima mtu aliyewahi kuendesha miaka kumi, hasa kwa kuwa vichwa vingi vinavyoingia siku hizi vina gia otomatiki, ambayo magari mengi ya zamani hayakuwa nayo.

Badiliko linalogusa moja kwa moja uchaguzi wa gari ni la mizani. Wenye kumbukumbu hawajasahau Oktoba 2013, pale aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, alipofuta nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia 5 na malori yakasimama nchi nzima, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipoingilia kati. Mambo yameendelea tangu hapo. Tanzania ilianza Machi 2019 kutekeleza Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo inataka ekseli ya mbele yenye matairi mawili isizidi tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne isizidi tani 10, jozi ya ekseli isizidi tani 18, na ekseli tatu za tela zisizidi tani 24. Kwa hiyo Fuso ya ekseli mbili inaishia tani 18 pamoja na uzito wake yenyewe, semi ya ekseli sita inaishia tani 50, na ukomo wa juu kabisa, kwa ekseli saba, ni tani 56. Faini katika jedwali la sheria hiyo zimetajwa kwa dola za Marekani, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aheshimu kipimo.

Tafsiri ya namba hizo ni rahisi. Fuso ikiwa na bodi yake, turubai, kamba na mafuta ikawa na tani 7, imebakiwa na tani 11 za halali. Semi ikiwa na tani 18 tupu, imebakiwa na tani 32. Zamani Fuso ilijazwa mpaka chesisi ikalia, na hesabu za faida ambazo wengi bado wanazo kichwani ni za Fuso ya tani 15 au zaidi. Anayerudi na hesabu hizo atashangaa kwenye mizani ya Usagara, kabla hata hajaupa mkoa kisogo. Anayekwenda Dar es Salaam, baada ya Usagara ana Tinde, Njuki, Nala na Vigwaza, na mzigo uliopangwa vibaya, hata kama uzito wa jumla ni halali, unaweza kumkwamisha kwa sababu ya ekseli moja iliyozidi. Kwa maneno mengine, kwa upande wa uzito semi moja ni Fuso tatu. Ndiyo hoja kubwa ya wanaoishabikia semi, nayo ni ya kweli.

Mtaji na rejesho

Bei za magari yaliyotumika hutofautiana sana kwa umri na hali, kwa hiyo nitatumia namba za mfano tu. Tuseme mtu anakopa Sh milioni 100 ili kukamilisha ununuzi wa kichwa na tela, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo haiko mbali na wastani wa mikopo ya mabenki nchini, inayotozwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 36. Rejesho lake litakuwa karibu Sh milioni 3.5 kila mwezi. Kama mkopeshaji si benki na riba yake inatajwa kwa mwezi, tena juu ya fedha yote ya mwanzo bila kujali kilichokwisha kulipwa, namba hiyo itapanda kwa kiasi cha kutisha. Asaini tu baada ya kuandikiwa jumla ya shilingi zote atakazorudisha. Mkopeshaji pia atadai bima kubwa, na bima kubwa ya semi ni gharama ya kuwekewa fungu lake tangu mwanzo.

Fuso mara nyingi hununuliwa kwa akiba, au kwa akiba pamoja na mkopo mdogo wa SACCOS. Faida ya jambo hilo haiishii kwenye riba. Gari lililolipiwa linaweza kusimama wiki moja kwa kukosa mzigo, au kwa mwenyewe kuugua, na hakuna mtu atakayepiga simu. Gari la mkopo halina ruhusa hiyo. Rejesho la tarehe 5 linatakiwa iwe mvua imenyesha, iwe tela limekaa Dar es Salaam siku nane likisubiri kupakia. Dereva wa mkopo hukubali mzigo wa bei mbaya ili tu magurudumu yazunguke, na hapo ndipo semi nyingi za wamiliki wa gari moja huanza kufa, muda mrefu kabla ya injini kuonyesha dalili yoyote.

Mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi

Njia ya Dar es Salaam na Mwanza, yenye takriban kilomita 1,150 kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, haina usawa wa pande mbili. Kinachopanda kutoka bandarini na kwenye viwanda vya Pwani ni kingi na ni cha mwaka mzima: saruji, mabati, mbolea, vifaa vya ujenzi, mafuta, nguo na vyombo. Kinachoshuka kwa sehemu kubwa ni cha msimu: marobota ya pamba, mchele wa Magu, Kahama na Shinyanga, dengu na choroko, dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, ngozi. Kwa sababu hiyo tani inayopanda hulipwa vizuri kuliko tani inayoshuka. Mmiliki wa Dar es Salaam huhesabu faida yake kwenye kupanda, na chochote atakachopata cha kurudi nacho ni nyongeza, hata kama kinafidia mafuta tu. Ongeza malori yaliyopeleka mizigo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ambayo yanarudi pwani kupitia Kahama, Isaka na Nzega yakiwa matupu, na ambayo nayo yako tayari kubeba chochote kwa bei yoyote. Mmiliki wa Mwanza anaanza safari kwa kushuka, na bei ya mwanzo wa safari yake imekwisha kupangwa na watu ambao kwao huo ni mwisho wa safari.

Hilo halifanyi semi ya Mwanza ikose faida. Linaihamishia faida hiyo Dar es Salaam, mahali ambapo mwenye gari ni mgeni, hana ghala linalomfahamu, na anamtegemea dalali ambaye siku hiyo ana wageni wengine ishirini kama yeye. Hesabu ya mafuta inaonyesha uzito wa jambo hili. Semi iliyojaa ikienda takriban kilomita 2 kwa lita, kwenda na kurudi ni lita 1,150. Tukisema lita ni Sh 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, dizeli peke yake ni Sh milioni 3.45 kwa mzunguko. Akishuka na mzigo wa bei ya kufidia mafuta na akapanda na mzigo kamili wa saruji, mzunguko una faida. Akishuka hivyo hivyo na akapanda na nusu ya tela kwa kuchoka kusubiri, mzunguko umekwenda kulipia riba. Kwa mwendo wa halali, ambao kwa magari ya zaidi ya kilo 3,500 hauzidi kilomita 80 kwa saa na 50 kwenye makazi, pamoja na foleni za kupakia na kushusha, mizunguko miwili kwa mwezi ni ya kawaida na mitatu ni bahati. Rejesho la Sh milioni 3.5 lazima litoke kwenye mizunguko hiyo miwili, kabla ya matairi, posho, utingo na chakula cha nyumbani.

Fuso ya kanda ya ziwa inaishi kwa kanuni nyingine. Mwanza kwake ni mji wa jumla: saruji, mabati, sukari, vinywaji na bidhaa za madukani hutoka hapa kwenda Sengerema, Geita, Chato, Magu, Lamadi, Bariadi, Bunda na Ukerewe, na safari ya kurudi ina mchele, mahindi, ndizi za Kagera au za Tarime, mkaa wenye kibali, mbao, mihogo. Mwanza hadi Geita, safari isiyofika kilomita 130, kwa Fuso inayokwenda kilomita 4 kwa lita, kwenda na kurudi ni lita zisizozidi 65. Mzigo wa kurudi ukikosekana, hasara ya siku hiyo ni dizeli isiyofika Sh 100,000, na kesho yake gari liko sokoni tena. Semi ikikosa mzigo wa kurudi imepoteza zaidi ya Sh milioni 1.7 ya mafuta kwa upande mmoja. Tofauti hiyo ya ukubwa wa kosa moja ndiyo ninayoipa uzito kuliko tofauti ya tani, kwa sababu mtu aliyekaa nje ya kazi kwa miaka mingi atakosea. Wateja wake wa zamani wamehama, madalali aliowajua wamestaafu, na bei anazozikumbuka hazipo.

Dagaa wanastahili neno lao, kwa kuwa ndio mzigo ambao watu wa nje hudhani upo siku zote. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi unapokuwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika, hivyo Mwaloni nako hupungukiwa siku hizo. Mwenye Fuso anayetegemea dagaa ni lazima ajue umri wa mwezi na awe na mteja mwingine wa kumjazia hizo siku za mbalamwezi. Tena dagaa wakavu ni wepesi na wana ujazo mkubwa: magunia hujaza bodi kabla ya kujaza mizani, na ndiyo maana bei hupatanwa kwa gunia. Kwa mzigo huo bodi refu lenye vyuma vya kuinulia turubai lina thamani kuliko ekseli ya ziada. Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, na dagaa wanaokwenda Kongo, ni mzigo wa masafa marefu, na hapo semi inarudi kwenye hesabu, ilimradi mwenye mzigo ni mfanyabiashara anayefahamika, asiyekuwa mtu aliyekutana naye asubuhi hiyo getini.

Pamba ni msimu mwingine wa kuwekewa akili. Ununuzi hufunguliwa kwa kawaida Mei, na kwa miezi michache vinu vya kuchambulia huhitaji magari ya kukusanya pamba mbegu kutoka AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za Kwimba, Magu, Meatu, Maswa na Bariadi. Kazi hiyo ni ya Fuso zaidi kuliko semi, kwa sababu barabara za vijijini ni nyembamba na maghala mengine hayana hata nafasi ya kugeuzia tela. Vumbi lake hula vichujio vya hewa, na malipo yanaweza kuchelewa, lakini gari haliulizi mzigo wa kesho msimu ukiwa umechanganya. Baadaye marobota yakianza kutoka vinuni kwenda bandarini, zamu inakuwa ya semi.

Migodi ya Geita na North Mara huwavutia wengi wanaosikia kwamba inalipa. Inalipa, lakini mara nyingi kupitia kwa wazabuni wakubwa, kwa ankara, baada ya siku 30 au 60, na kwa masharti ya umri wa gari, bima na mafunzo ya usalama ambayo Fuso ya mkononi inaweza isiyatimize. Mwenye mtaji wa kuzungushia miezi miwili bila kulipwa afikirie upande huo. Mwenye rejesho la tarehe 5 atafute kwingine.

Ninayemshauri aanze na semi ni mmoja: mwenye makubaliano ya maandishi ya mzigo wa kupanda, kwa mfano mfanyabiashara wa jumla wa hapa Mwanza anayeagiza saruji na mabati kila mwezi na aliye tayari kuweka sahihi kwamba tela fulani litakuwa la kwanza kupakiwa. Mtu wa namna hiyo amekwisha kulitatua tatizo la Dar es Salaam akiwa bado Mwanza.

Barabara, mwili na usiku

Aliyeacha kazi wakati wa vivuko atakumbuka Kigongo kwa foleni. Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na limebadili ramani ya biashara ya Fuso kuliko kitu kingine chochote kilichojengwa huku katika miaka hii. Sengerema na Geita sasa ni safari za asubuhi na jioni, na Bukoba kwa barabara haina tena saa zisizojulikana za kusubiri majini. Barabara ya mchepuo ya Usagara–Kisesa nayo humtoa dereva wa Musoma katikati ya jiji. Ushindani umeongezeka pia, maana daraja halikujengwa kwa ajili ya gari moja. Magari ya Geita yanaingia Mwanza kwa urahisi ule ule. Ukerewe bado ina vivuko vyake, na anayekwenda Nansio apange siku yake kwa ratiba ya maji.

Njia ya Dar es Salaam ni ngumu kwa namna nyingine. Mteremko wa Sekenke haujawahi kumsamehe aliyesahau kushusha gia mapema, na usingizi wa njiani kati ya Dodoma na Morogoro humfika hata kijana. Mtu wa miaka arobaini na kitu, ambaye mgongo wake ulizoea kiti cha dukani, anaweza kuendesha Fuso siku nzima akalala kitandani kwake Igoma. Kulala kwenye kichwa cha gari usiku kadhaa mfululizo, mwezi baada ya mwezi, ni jambo analopaswa kulipima kwa daktari wa macho na wa shinikizo la damu kabla ya kulipima kwa benki. Mmiliki wa semi anaweza kuajiri dereva, bila shaka, lakini hapo amekuwa mfanyabiashara wa usafirishaji asiyeendesha, na dizeli inayoibwa njiani ni hesabu nyingine kabisa.

Suala la kuvuka mipaka nitaligusa kwa ufupi. Sirari, Mutukula na Rusumo zote zina vituo vya pamoja vya forodha, na taratibu zimekuwa nyepesi kuliko zamani. Gari litahitaji kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima ya nje, na mzigo wa kupita nchini hufungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA. Ni kazi ya semi, na ni kazi ya mwaka wa pili au wa tatu.

Gereji

Semi ya ekseli sita ina matairi 22: mawili ya mbele, manane ya nyuma ya kichwa na 12 ya tela. Fuso ya ekseli mbili ina sita. Tairi moja likiwa Sh 700,000 kwa mfano, seti ya semi ni Sh milioni 15.4, na ya Fuso, hata kwa bei hiyo hiyo ambayo kwa kweli ni kubwa kwake, ni Sh milioni 4.2. Hakuna anayebadilisha yote kwa siku moja, lakini yote yanaisha, na mmiliki asiyeweka fungu la matairi kila safari atayanunua kwa mkopo.

Vipuri vya Fuso vinapatikana Mwanza, Kahama na Shinyanga, vipya na vya magari yaliyokatwa, na mafundi wanaoifahamu wako kila mji wenye stendi. Vichwa vya Scania vina mafundi wazuri pia, lakini kifaa kimoja cha umeme kinaweza kuhitaji kompyuta na mtu wa kutoka Dar es Salaam. Vichwa vipya vya Kichina ni rahisi kununua na vipuri vyake vimeenea. Wasiwasi wangu kwavyo uko kwenye bei ya kuviuza baada ya miaka mitatu. Kwa anayerudi, ninapendelea gari linaloweza kuharibika karibu na fundi wake mwenyewe. Kuvutwa kutoka Magu hadi Mabatini, hapa Mwanza, ni usumbufu wa siku moja. Kulala Manyoni na tela la mchele wa watu ni jambo la kulipia walinzi.

Gari la mtu kwanza

Njia ya tatu ni kuajiriwa kwa msimu mmoja, au kuchukua gari la mtu kwa hesabu ya kila wiki. Haina sifa mtaani, hasa kwa mtu aliyekwisha kuwatangazia jamaa kwamba anarudi kama bosi. Lakini hakuna namna nafuu zaidi ya kujua bei za leo, kuwajua makarani wa maghala, na kuona kama mwili bado unakubali. Anayeitaka semi ningemsihi aipitie hii bila kubishana, kwa sababu kosa atakalolifanya kwa gari la mtu, kama la kusubiri mzigo siku kumi kwa kukosa jina la dalali wa kweli, halitamgharimu nyumba aliyoiweka dhamana. Mkataba uwe wa maandishi, utaje mshahara na posho, nani analipa faini ya mizani, na michango ya NSSF. Pale mwenye gari anapoahidi kwamba baada ya hesabu za miaka miwili gari litakuwa lako, kadi hubaki kwa jina lake muda wote huo, na akifa au akilikopea, ahadi ya mdomo haina wa kuitetea.

Reli, na kabla ya kulipa

Anayekopa kwa miaka mitatu ili alitumie gari kwa miaka kumi aitazame pia reli ya kisasa. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na siku njia nzima itakapounganika hadi Dar es Salaam, mizigo ya kwanza kuhama itakuwa ile inayofanana na inayotoka mahali pamoja kwa wingi: makontena, saruji, mafuta. Hiyo ndiyo mizigo ya kupanda inayoilisha semi. Treni haitapeleka mabati Nyehunge wala haitachukua pamba Malya dukani kwa karani, na kinachoshushwa stesheni lazima kisambazwe na gari dogo zaidi.

Aliyekwisha kuamua upande wowote, kabla ya kulipa, ahakikishe TRA kwamba kadi haina deni wala kizuizi, namba za chesisi na injini zinalingana, na muuzaji ndiye mwenye jina. Kisha alipeleke gari tupu likapimwe uzito, bodi likiwa limefungwa pamoja na kila kitu kinachosafiri nalo. Fuso nyingi za mkononi zimeongezewa vyuma chini ya bodi na majani ya springi na wamiliki waliotaka zibebe kupita kiasi. Zilikuwa nguvu wakati ule, lakini mbele ya mizani ya sasa kila kilo 500 za vyuma hivyo ni magunia matano ya mchele yasiyolipiwa katika kila safari, na muuzaji anapaswa kuzikata kwenye bei.